Panya Walioshuka Melini

Ndugu msomaji, panya unamfahamu vema. Ndiye atoboaye magunia ya mahindi na kula vifaranga vya kuku. Leo nataka nikueleze jinsi alivyokiharibu kisiwa kizima, na jinsi kisiwa hicho kilivyookolewa.

Kusini kabisa ya Bahari ya Atlantiki, penye baridi na theluji, kuna kisiwa kiitwacho South Georgia. Hakina miti wala wenyeji. Wakaao huko ni watumishi wa serikali na wataalamu wachache tu. Lakini ndege wa bahari ni wengi ajabu, hata watu husafiri siku nyingi melini ili kuwatazama. Pengwini, ndege wasioruka, husimama pwani kwa maelfu kama watu mnadani. Tena yuko albatrosi, ambaye mabawa yake yakinyoshwa hupita mita 3. Hutaga yai moja tu. Baba na mama hulilalia kwa zamu, na kumlea mtoto huyo mmoja huchukua karibu mwaka mzima.

Nahodha James Cook alifika huko mwaka 1775, akatoa habari za sili wengi aliowaona. Basi wakaja wawindaji wa sili, kisha wa nyangumi, na melini mwao walikuwamo panya. Panya wakashuka, wakazaana, wakala mayai na makinda ya ndege wenye viota ardhini. Kuna ndege mdogo mwimbaji asiyepatikana mahali pengine po pote duniani. Naye karibu alitoweka kila walikoingia panya.

Kuwaondoa ilikuwa kazi kubwa. Kati ya mwaka 2011 na 2015 helikopta zilimwaga yapata tani 300 za chambo chenye sumu. Halafu mbwa waliofundishwa kunusa panya walitembezwa kisiwani. Mwaka 2018 ikatangazwa kwamba panya wamekwisha. Yule ndege mdogo anaimba tena.

Ndiyo maana wasafiri wa siku hizi, kabla ya kushuka, husugua viatu kwa dawa, hukung'uta mifuko, na kutoa hata mbegu moja ya majani iliyonasa katika soksi. Usiku madirisha ya meli hufunikwa, ndege wasivutwe na taa wakajigonga.

Msomaji, usidhani huo ni usumbufu wa bure. Kuharibu kulitaka uzembe tu. Kutengeneza kulitaka miaka na mali nyingi. Mungu ametukabidhi viumbe vyake tuvitunze. Na nyumbani mwetu vilevile, baya huingia kimya kimya, likiwa dogo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.