Misri ya Kale: Ununue au Upakue Bure?

Mzazi anayemtafutia mtoto hadithi za Kiingereza za kusafiri hadi enzi za kale huonyeshwa kwanza Magic Tree House ya Mary Pope Osborne, mfululizo wa Kimarekani ulioanza mwaka 1992. Kila kitabu ni chembamba, sura kumi hivi, na mtoto msomaji hukimaliza kwa mchana mmoja. Hapo ndipo mfuko unapoumia: kimoja hakisumbui, ila kesho yake anadai kingine.

Nunua vinne vya mwanzo kwa pamoja, maana fumbo la herufi M linaloanza katika cha kwanza hufumbuliwa katika cha nne. Boksi la vitabu 28 liache kwanza. Vinavyofuata azima maktaba, au badilishaneni na wazazi wenzako.

Kuna njia isiyogharimu kitu. The Story of the Amulet ya Edith Nesbit ilitoka mwaka 1906 na hakimiliki yake imekwisha, hivyo tovuti ya Project Gutenberg inaitoa bure, na ile ya LibriVox inaitoa kwa sauti, bure vilevile. Maandishi ni mepesi kupakua. Sauti hula bando.

Vyote viwili vinafika Misri. Katika Mummies in the Morning, kitabu cha tatu cha Osborne, Jack na dadake Annie wanaingia ndani ya piramidi kuusaidia mzimu wa malkia kupata Kitabu cha Wafu. Inasisimua, na mtoto wa miaka saba anaielewa peke yake. Nesbit anarudi nyuma zaidi, hadi kijiji cha kabla ya mafarao, chenye ua wa miiba na silaha za mawe. Aliongozwa na mtaalamu wa Misri ya kale, Wallis Budge wa British Museum, naye Nesbit akamtabarukia kitabu hicho, na elimu hiyo inaonekana. Kwangu mimi, historia iliyo hai zaidi iko huku: watu wana njaa, hofu na maadui, na watoto wanne wa London wanajikuta katikati ya vita vyao.

Lakini Kiingereza cha Nesbit ni kigumu, sentensi ndefu. Msomee mwenyewe, jioni kwa jioni, mtoto wa miaka tisa au kumi. Sura ambayo malkia wa Babeli anazuru London ipitie kwanza ukiwa peke yako: inawachora Wayahudi kwa dharau ya zama zile, na mtoto anastahili kuelezwa hivyo waziwazi, au sura hiyo irukwe.