Doa la Mgongoni: Kabla Hujalisugua Tena, Liache Lipimwe kwa Rangi

Ukitembea Mwembe Tayari, kutoka ile sanamu ya askari kwenye barabara ya Jomo Kenyatta hadi sokoni, hukosi kitu cha kusafishia ngozi. Kuna madodoki ya kienyeji, nyavu za nailoni za kila rangi, sabuni za dawa na krimu za kung'arisha. Mimi ni fundi wa maabara, na majirani wanaojua kazi yangu hunionyesha migongo na miundi yao. Swali huwa moja: "Hili doa litatoka na nini?" Nami hujibu kwamba kwanza tujue ni nini.

Doa ninalolizungumzia lina rangi ya kahawia au kijivu, na aghalabu hukaa sehemu ya juu ya mgongo. Ukiliangalia kwa karibu, lina mawimbi kama mchanga wa ufukweni maji yakishakupwa. Kwenye miundi huja kwa sura nyingine, vipele vidogo vigumu vilivyosongamana. Huwasha, na mwenye nalo hudhani ni choa au uchafu, basi huzidi kulisugua. Huenda kumbe ni amiloidosisi ya ngozi, na kusugua ndiko kunakoilisha.

Amiloidi ni protini iliyojikunja vibaya ikawa nyuzi ngumu ambazo mwili unashindwa kuzivunja. Kwa ugonjwa huu wa ngozi, protini yenyewe ni keratini, ile ile inayojenga kucha na nywele. Wataalamu wanaeleza kwamba seli za juu za ngozi hufa kwa kukwaruzwa mara kwa mara, keratini yake ikadondoka chini na kuganda huko. Huko Japani, madaktari waliwaona watu waliopata madoa kwa kujisugua na taulo za nailoni. Kuna pia familia zinazourithi, na unaonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Asia, Mashariki ya Kati na Amerika ya Kusini. Kwa mji kama Mombasa, ambao damu za Uarabuni na Bara Hindi zimo ndani yake tangu jadi, ni ugonjwa wa kuukumbuka.

Sasa utajuaje? Mwaka 1854 daktari Mjerumani Rudolf Virchow alitia aidini kwenye vitu kama hivi, vikageuka rangi. Kwa kuwa aidini huugeuza wanga, kama unavyoona ukiidondoshea kipande cha muhogo, aliviita amiloidi, yaani kitu kama wanga. Miaka 5 baadaye ikabainika ni protini, lakini jina likabaki.

Rangi tunayoitumia leo ilitoka kwenye biashara ya vitambaa. Mkemia Mjerumani Paul Böttiger aliibuni katika miaka ya 1880, na ilisifika kwa kushika pamba moja kwa moja bila dawa ya kuishikiza. Kampuni ya AGFA ya Berlin ikaiuza mwaka 1885 kwa jina la Nyekundu ya Kongo. Haikutoka Kongo hata chembe. Ni kwamba mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, ule wa Wazungu kugawana Afrika, ulikuwa umelifanya neno Kongo liwe mdomoni mwa kila mtu, na jina likauza bidhaa. Mwaka 1922 Hermann Bennhold akagundua kwamba rangi hiyo ya nguo hung'ang'ania amiloidi. Mwaka 1927 Divry na Florkin wa Ubelgiji wakaonyesha kwamba ukiitazama kwa mwanga uliochujwa uelekee upande mmoja, wekundu ule hutoa kijani. Vitabu hukifananisha na tufaha; mimi huona embe changa.

Kazi yenyewe haitishi. Daktari hukufa ganzi na kutoa kipande cha ngozi cha milimita 3 au 4. Kipande hulowekwa kwenye fomalini, hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa wembamba wa elfu kadhaa za milimita. Kwa rangi ya Kongo tunakata kinene kidogo kuliko kawaida, kama elfu 8 hadi 10 za milimita, kwa sababu kikiwa chembamba mno kijani hakionekani vizuri.

Hapa pana mitego. Amiloidi ya ngozi mara nyingi ni vidonge vidogo mno chini tu ya ngozi ya juu, na rangi ya Kongo huishika kwa unyonge. Ngozi iliyochakazwa na jua pia inaweza kuinyonya na kumdanganya msomaji. Kwetu weusi, chembe za rangi ya asili zilizodondoka chini huweza kuifunika. Ndiyo maana wakati mwingine huongezwa vipimo vingine, kama rangi ya thioflavini au kingamwili zinazotambua keratini. Na ndiyo maana daktari aandike kwenye fomu kwamba anashuku amiloidi. Asipoandika, huenda maabara ikapaka rangi za kawaida tu na doa likapita bila kutambuliwa.

Kuna faida mbili za kujua. Kwanza ni utulivu: amiloidi hii ya keratini hubaki kwenye ngozi, haiendi moyoni wala kwenye figo. Iko nyingine inayosambaa mwilini, na hiyo ni hatari. Dalili zake ni kama ulimi kuvimba, michubuko ya zambarau kuzunguka macho bila kugongwa, mkojo wenye povu, miguu kuvimba na pumzi kukatika. Kifua kikuu au ukoma uliokaa miaka bila tiba huweza kuileta aina mojawapo. Mwenye dalili hizo asingoje, aende hospitali.

Faida ya pili ni kujiepusha na madhara. Vipodozi vya zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Kenya, lakini wapo wanaovitafuta ili kufuta doa. Zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuacha weusi mbaya kuliko ule uliokupeleka dukani. Hakuna kati ya hivyo kinachoyeyusha amiloidi.

Sitakudanganya kwamba tiba ni ya haraka. Doa hufifia polepole, na mara nyingine halitoki lote. Daktari wa ngozi atakupa dawa ya kutuliza muwasho, maana muwasho ukitulia mkono nao hutulia. Lakini hatua ya kwanza haina gharama: wavu wa nailoni weka kando, oga kwa kiganja na sabuni laini, na muwasho ukija, bonyeza kwa kitambaa kilicholowa maji baridi badala ya kukuna. Na anayekuuzia krimu, muulize kwanza doa lako linaitwaje. Asipolijua, pesa zako zirudishe mfukoni.