Mexime, beki wa mashamba ya miwa aliyewatia doa Simba. Moshi ina la kujifunza

UKISHUKA kutoka Moshi mjini kuelekea Arusha Chini, migomba inakwisha na macho yanakutana na miwa. Hilo ndilo shamba la TPC, lililoanza miaka ya 1930. Sukari ipo, wafanyakazi wapo, na mashabiki wa soka ndio usiseme. Kinachokosekana Kilimanjaro ni timu ya Ligi Kuu, tangu Polisi Tanzania iliyokuwa ikitumia Uwanja wa Ushirika iliposhuka daraja msimu wa 2022/23.

Tanzania hii, miwa na soka ni ndugu. Turiani mkoani Morogoro kuna Mtibwa Sugar. Missenyi kuna Kagera Sugar, Wanankurukumbi. Na kama kuna mtu mmoja ambaye maisha yake ya mpira yamepita kwenye mashamba yote mawili, ni Mecky Mexime, beki aliyegeuka kocha.

Kwa vijana wa leo wanaomjua akiwa amesimama kando ya mstari, huyu jamaa alikuwa beki wa shoka. Alikipiga Mtibwa Sugar, Wakata Miwa ambao waliwahi kubeba ubingwa wa Bara mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, Simba na Yanga zikitazama. Enzi za Mbrazili Marcio Maximo, akavaa kitambaa cha unahodha wa Taifa Stars. Ni ile Stars iliyoifunga Burkina Faso nyumbani na ugenini, ikaibana Senegal kwa sare ya 1-1 pale CCM Kirumba mwaka 2007, kisha ikachapwa 1-0 na Msumbiji Dar es Salaam na ndoto ya Afcon 2008 ikafia hapo.

Alipotundika daluga hakwenda mbali. Alibaki Manungu, akaanza kuwafundisha vijana wa klabu ileile aliyoichezea. Wengi hudhani mchezaji mzuri anakuwa kocha mzuri moja kwa moja. Sio kweli, mifano ya waliofeli ipo mingi. Ila beki ana faida moja: kwa miaka yote amecheza akiwa ameuangalia uwanja mzima mbele yake. Stephen Keshi wa Nigeria alikuwa beki na nahodha wakati Super Eagles inatwaa Afcon 1994, kisha akaipa kombe hilohilo akiwa kocha mwaka 2013.

Mwaka 2016 Mexime akahamia Kagera Sugar, na hapo ndipo Wekundu wa Msimbazi walipoanza kulijua jina lake kwa uchungu.

Aprili 2017 pale Kaitaba, Bukoba, Kagera iliichapa Simba 2-1. Simba ikakata rufaa ikidai beki Mohamed Fakhi alicheza akiwa na kadi tatu za njano. Kamati ya Saa 72 ikawapa Simba pointi za mezani, kisha kamati nyingine ya TFF ikatengua uamuzi huo na pointi zikarudi Kagera. Msimu ulipomalizika, Yanga na Simba wote walikuwa na pointi 68, Yanga akabeba kombe kwa tofauti ya mabao. Piga hesabu mwenyewe kile kipigo cha Kaitaba kilikuwa na thamani gani. Kagera yenyewe ilimaliza ya tatu, juu ya Azam, na Mexime akatangazwa kocha bora wa msimu.

Mei 19, 2018 ikawa kali zaidi. Simba tayari ni bingwa, haijapoteza mechi hata moja ya ligi, na Rais John Magufuli yuko Uwanja wa Taifa kuwakabidhi kombe. Sherehe imeandaliwa, mgeni ni Kagera. Dakika za mwisho Edward Christopher akafunga. Simba wakapata penalti, Emmanuel Okwi akaipiga, Juma Kaseja akaidaka. Mpira ukaisha 1-0. Kombe lilikabidhiwa kama kawaida, lakini rekodi ya kutofungwa ilibaki mikononi mwa vijana wa Mexime.

Msimu wa 2018/19 ndio unaomweleza vizuri zaidi, mazuri na mabaya yake. Kagera iliifunga Simba, mabingwa wa msimu huo, nje ndani: 2-1 Kaitaba na 1-0 Dar. Lakini timu hiyohiyo iliboronga kwingine hadi ikaangukia mechi za mchujo dhidi ya Pamba, ikaponea Kaitaba kwa ushindi wa 2-0. Wakosoaji wana hoja: kujilinda na kumvizia mkubwa ni jambo moja, kuzifungua timu ndogo zinazokaa nyuma ni jambo jingine. Ni ugonjwa wa makocha wengi waliokuwa mabeki.

Pamoja na presha hiyo, uongozi haukumtimua. Alikaa hadi 2021, akampisha Mkenya Francis Baraza, mwaka uliofuata akarudishwa. Baadaye alipita Ihefu, kisha Dodoma Jiji. Kwenye ligi ambayo kocha anafungwa mechi tatu na kuanza kufungasha mizigo, kukaa muda wote ule sehemu moja si jambo dogo.

Hapa ndipo Moshi inapopaswa kusikiliza. Selemani Matola alikuwa na Polisi Tanzania mwaka 2019, na kabla mwaka haujaisha Simba wakamchukua awe kocha msaidizi. Ushirika ikazoea kuona kocha anakuja na kuondoka. Leo uwanja huo unajaa zaidi siku ya Kilimanjaro Marathon kuliko siku ya mpira, na kijana wa Kibosho, Machame au Marangu anayeimudu beki lazima akatafute riziki mkoa mwingine.

Mtibwa na Kagera hazikuwa na fedha za Simba na Yanga. Zilichokuwa nacho ni kampuni nyuma ya timu, uwanja wa kufanyia mazoezi, na subira ya kumlea mtu wa mpira kutoka uchezaji hadi ukocha. Kilimanjaro ina viwanda, ina kahawa, ina utalii, na ina watoto wao waliofanikiwa ambao kila Desemba wanapanda kurudi vijijini kula Krismasi. Wakiamua kuchangia timu jinsi wanavyochangia harusi, fedha ya kumlipa kocha kwa miaka mitano haiwezi kukosekana. Kazi ngumu itakuwa kumwacha afanye kazi siku atakapofungwa mechi tatu mfululizo.