Spika za Nyumbani: Tununue Sauti, Tusinunue Ngurumo

Wakulima wa pamba wanapolipwa fedha zao, maduka ya vyombo vya umeme hapa Mhunze hupata wateja, na wengi katika wateja hao huja kutafuta spika. Jambo hili halina ajabu. Runinga bapa za siku hizi zina picha safi, lakini sauti yake ni hafifu, na babu aliyeketi mwisho wa sebule huona midomo ikicheza asijue yanasemwa nini. Basi mwenye nyumba hutoa akiba yake, akanunua sanduku kubwa lenye taa za rangi. Nyumba ikatetemeka, na babu bado hasikii. Fedha imekwenda na haja haikutimia. Kwa sababu hiyo twaona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu namna ya kuchagua spika, ili mwenye kununua anunue kwa kujua.

Kwanza yatupasa tujue ubaya watoka wapi. Runinga za zamani zilikuwa na kasha kubwa, na spika yake ilipata nafasi ya kutosha. Runinga bapa haina kina. Spika zake ni ndogo mno, na aghalabu zimeelekezwa chini au nyuma, zikasema na ukuta badala ya kusema na watu. Ama sauti inayoingia nyumbani haina kasoro kubwa. Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, ikianzia Dar es Salaam, matangazo ya runinga hutujia kwa ving'amuzi bila ya mikwaruzo ile ya zamani. Kilichopungua ni kinywa cha kuyatolea.

Sasa na tuulize: nyumbani twasikiliza nini? Twasikiliza kisomo cha Kurani, mawaidha, taarifa ya habari, kaswida, taarabu na mtangazaji wa mpira. Vyote hivi msingi wake ni sauti ya mwanadamu. Sauti ni mitetemo ya hewa, na idadi ya mitetemo katika sekunde moja huhesabiwa kwa kipimo kiitwacho hezi. Unene wa sauti ya mwanamume huanza kiasi cha hezi 100. Lakini herufi kama s, sh, f na th hukaa juu, kiasi cha hezi 2,000 hata 8,000. Unene hutupa uzito wa sauti, na herufi hizo hutupa maana yake. Zikipotea, "thamani" na "samani" huwa neno moja, na msikilizaji hubaki kukisia.

Sisi walimu wa madrasa twalijua jambo hili kwa kazi yetu. Mtoto hujifunza kutofautisha sini, swadi na thaa kwa sikio kabla ya kuzitofautisha kwa ulimi. Kadhalika kafu na qafu. Chombo kinachozichanganya herufi hizi humpoteza mtoto, hata kama msomaji mwenyewe ni hodari.

Twaja sasa kwenye spika zenyewe. Spika ya namna tuitumiayo leo, yaani koni inayosukumwa na koili ya waya iliyo ndani ya sumaku, ilielezwa na Wamarekani Chester Rice na Edward Kellogg mwaka 1925, na asili yake haijabadilika. Koni kubwa husukuma hewa nyingi, ikatoa sauti nene. Koni ndogo huenda upesi, ikatoa sauti nyembamba. Ni shida koni moja kuyaweza yote mawili vyema.

Madukani ziko namna mbili zinazojulikana zaidi. Ya kwanza ni sabufa: sanduku moja kubwa la besi likifuatana na visanduku vidogo. Ikiwa visanduku hivyo ni vidogo mno na vyenye koni moja moja, sauti ya katikati, ambayo ndiyo makao ya maneno, hukosa mwenyewe. Sabufa haifiki juu, na vile vidogo havifiki chini. Namna ya pili ni jozi ya spika za kuwekwa juu ya meza au rafu, zenye amplifaya ndani yake. Katika jozi iliyo nzuri, kila sanduku lina koni mbili, moja ya inchi 4 au 5 na nyingine ya kiasi cha inchi 1; na amplifaya imepimwa na mtengenezaji ilingane na koni zake, hivyo hapana haja ya kununua amplifaya mbali. Besi yake si ya kutikisa bati, lakini maneno husikika. Kwa sebule ya familia, jozi hii ndiyo tunayoipendelea. Na mwenye kupenda besi zaidi atafute jozi yenye tundu la kuongezea sabufa baadaye.

Tena mnunuzi asibabaishwe na hesabu za wati. Sanduku laweza kuandikwa wati 5,000 na mbele yake herufi PMPO. Hicho ni kilele cha kitambo kidogo sana, wala hakina kanuni moja ya kukipima. Kipimo cha kutegemewa ni kile kilichoandikwa RMS, yaani nguvu ya kudumu. Ukitaka ushahidi, geuza sanduku usome kibandiko cha nyuma. Kikisema kwamba chombo chatumia umeme wa wati 60, basi hakiwezi kutoa kwa kudumu zaidi ya hizo 60, hata karatasi ya nje ikisema itakavyo. Na ili sikio lione sauti imekuwa kubwa mara mbili, yatakiwa nguvu mara kumi hivi. Kwa hiyo tofauti ya wati 30 na 40 ni ndogo sana. Jozi ya wati 20 hata 40 RMS yatosha sebule ya kawaida.

Dukani, muuzaji aghalabu atakuwekea muziki mzito kwa sauti kubwa. Mshukuru, kisha umwombe uweke chako. Nenda na simu yenye kisomo unachokijua vyema. Kisomo cha taratibu cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, kilichorekodiwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, chafaa sana, maana kila herufi huitoa mahali pake. Sikiliza kwa sauti ndogo, kisha rudi hatua nne nyuma. Ukizitambua herufi zote, endelea na taarifa ya habari, ya mwanamume na ya mwanamke. Mwisho, simamisha kisomo na uache spika zikiwaka. Zikinguruma au kuzomea hali hapana kinachosomwa, ziache dukani.

Tazama pia matundu ya nyuma. Nyaya nyekundu na nyeupe zafaa kwa king'amuzi. Runinga yenye tundu la HDMI lililoandikwa ARC yaweza kuunganishwa na spika yenye tundu la namna hiyo, na rimoti moja ikatosha kupandisha na kushusha sauti. Bluetooth yafaa kwa simu, lakini kwa runinga mara nyingine huchelewa, mdomo ukafunga kabla neno halijafika. Kwa runinga tumia waya. Na ikiwa chombo umeletewa na jamaa kutoka ng'ambo, hakikisha chakubali volti 230 za umeme wetu. Wanaotumia umeme wa jua wafanye hesabu kabla ya kununua: betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isiharibike, hutoa wati-saa 600. Runinga na spika zikila wati 80 kwa pamoja, hizo ni saa saba na nusu, au pungufu kidogo.

Nyumbani, weka spika mbali mbali kiasi cha hatua mbili, zikielekea wasikilizaji, usawa wa masikio yao. Usizisukume pembeni mwa kuta, maana pembe huzidisha besi na kuyafunika maneno. Nyumba yenye sakafu ya saruji na kuta tupu hurudisha mwangwi. Mkeka, zulia na pazia nene huupunguza, na gharama yake ni ndogo kuliko kununua spika kubwa zaidi.

Limebaki jambo la masikio, nalo ni kubwa zaidi katika nchi yetu hii ya madini. Vijana wetu wengi hufanya kazi Mwadui, Kahama na Geita, na miongoni mwao wako wanaoshinda karibu na makarasha ya kusaga mawe. Kelele za desibeli 85 kwa saa nane kila siku huhesabiwa kuwa ni za hatari, na kila zinapozidi desibeli 3 muda wa salama hupungua nusu. Sikio likiumia kwa kelele, aghalabu huanza kupoteza sauti za juu, karibu na hezi 4,000, pale pale zinapokaa herufi. Ndiyo maana mtu huyo husema, "Nasikia, lakini sielewi." Huongeza sauti, na besi anayoisikia vizuri tangu hapo ikazidi, herufi zisirudi. Wakati huo huo watoto walioketi karibu naye huumizwa. Shirika la Afya Duniani limeweka kiasi cha desibeli 80 kwa saa 40 za juma kwa mtu mzima, na desibeli 75 kwa mtoto. Kwa hiyo mtu wa namna hii akae karibu na spika, besi ishushwe na sauti ya juu ipandishwe kidogo, kisha aende hospitali akapimwe masikio. Wala asirudi kazini bila ya vizuizi vya masikio.

Wala tusimsahau jirani. Sauti nene hupenya ukuta kuliko nyembamba. Basi jirani hupata ngurumo yote wala hapati neno hata moja la faida. Mtume (s.a.w.) aliusia sana juu ya jirani, na wasia huo haukumtoa mwenye spika. Hata Kurani, adabu yake ni kusikilizwa kwa utulivu, si kuwashwa kwa nguvu huku wenye nyumba wakipiga soga.

Basi, ndugu msomaji, ukienda dukani chukua kisomo unachokijua, soma kibandiko cha nyuma, na umchukue babu aketi mbali kidogo asikilize. Akiweza kukurudilia maneno aliyoyasikia, lipa na udai risiti na dhamana. Akisikia mshindo tu, rudi na fedha yako nyumbani.

Wabillahi tawfiki.