Nani Anaukagua Umoja wa Mataifa?

Machi 2018 Uganda ilianza kuwahesabu upya wakimbizi wake. Takwimu rasmi zilikuwa zinasema wako milioni 1.4, wengi wao kutoka Sudan Kusini na Kongo, na kwa idadi hiyo nchi ilikuwa imesifiwa kila mahali kwa ukarimu. Lakini habari za ulaji zilikuwa zimeshawafikia wafadhili, na mwezi mmoja kabla maofisa kadhaa wa serikali waliohusika na wakimbizi walisimamishwa kazi.

Safari hii kutaja jina na kuonyesha karatasi hakukutosha. Familia zilitakiwa kufika zenyewe mbele ya waandikishaji. Mtu anaweka vidole kwenye mashine, anakodolea macho kamera inayopiga picha ya mboni, na kompyuta inamlinganisha na wote waliotangulia. Aliyejiandikisha kwenye makazi ya wakimbizi ya Bidibidi kwa jina moja na ya Nakivale kwa jina lingine hakuwa na pa kujificha. Zoezi lilipokamilika Oktoba, waliothibitishwa walikuwa kama milioni 1.1. Laki tatu hivi hawakuonekana.

Si wote waliokuwa wakimbizi hewa, kama wale wafanyakazi hewa wa kwenye orodha za mishahara. Wapo waliokuwa wamerudi kwao, wapo walioandikwa mara mbili, na wapo ambao hawakujitokeza tu. Hata hivyo chakula, sabuni na fedha za kujikimu hupangwa kwa kichwa, na kichwa kisichokuwepo hakikosi mtu wa kukichukulia mgao.

Mwaka huohuo wakaguzi wa ndani wa Umoja wa Mataifa walitoa ripoti kuhusu shughuli za shirika la wakimbizi, UNHCR, nchini Uganda. Walikuta blanketi 288,000, toroli 50,000 na taa za sola 15,000 zilizonunuliwa na kukaa ghalani muda mrefu. Walikuta mkandarasi aliyepewa kazi ya barabara bila kuwa na uzoefu wa kujenga barabara. Walikuta pia fedha zilizotolewa kwa ajili ya kiwanja cha kuegesha magari ya ofisi ya serikali. Blanketi hizo hakuziiba mtu. Zilinunuliwa nyingi mno zikakaa ghalani, na kwa hasara ya namna hiyo ni vigumu kumfunga mtu.

Wakaguzi hao wanatoka katika ofisi ya usimamizi wa ndani, OIOS, iliyoundwa na Baraza Kuu mwaka 1994 baada ya wafadhili, Marekani ikiwa mstari wa mbele, kuchoshwa na ubadhirifu. Mkuu wake hukaa miaka mitano na haongezewi kipindi, ili asimbembeleze mtu. Kando yake ipo Bodi ya Wakaguzi wa nje, ya tangu 1946, yenye wajumbe watatu ambao ni wakuu wa ofisi za ukaguzi za nchi zao. Tanzania ilikaa humo kuanzia 2012 hadi 2018, na Profesa Mussa Assad, akiwa CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, aliiongoza. Watanzania waliozoea kusikia ripoti ya CAG ikitikisa Bunge kila Aprili, wachache walijua kwamba ofisi hiyohiyo ilikuwa inakagua pia vitabu vya Umoja wa Mataifa.

Lakini mkaguzi hana rungu. Anapendekeza, menejimenti inakubali au inakataa, na kumwajibisha mtu kunabaki mikononi mwa wakubwa wake. Kosa likiwa la jinai, kuna suala la kinga ya watumishi wa Umoja wa Mataifa, na mara nyingi hakuna kesi bila msaada wa nchi mwenyeji. Nairobi ilionyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2001 wachunguzi wa OIOS walifichua mtandao uliowauzia wakimbizi nafasi za kuhamia Marekani, Kanada na kwingineko kwa maelfu ya dola, nafasi ambazo hutolewa bure. Baadhi ya watumishi wa UNHCR walikuwemo. Polisi wa Kenya walishirikiana na wachunguzi, na watuhumiwa wakakamatwa.

Mambo makubwa zaidi yalipita bila kushikwa mapema. Katika mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuiruhusu Iraq iuze mafuta ili inunue chakula, uliofungwa mwaka 2003, kamati ya uchunguzi iliyoongozwa na Paul Volcker ilikuja kubaini kwamba serikali ya Saddam Hussein ilijipatia takriban dola bilioni 1.8 kwa hongo na ada za siri kutoka kwa makampuni zaidi ya 2,000. Wakaguzi wa ndani walikuwa wameandika ripoti kadhaa wakati mpango ukiendelea. Ziliishia kwenye mafaili, maana wakati huo hazikutolewa nje.

Hilo limebadilika. Tangu 2013 ripoti za ukaguzi za OIOS huwekwa kwenye mtandao wake, wazi kwa yeyote, na ile ya Uganda ilisomwa kwa njia hiyo. Anayeishi jirani na kambi za wakimbizi kama Kakuma, Dadaab au Nyarugusu, na hasa mwandishi wa habari wa huko, azitafute zinazohusu eneo lake, asome mapendekezo, kisha aende kuuliza ni lipi limetekelezwa.