Ngozi na Damu Inayoganda Ovyo

Sindromu ya antifosfolipidi ni maradhi ambamo kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe, ikatengeneza kingamwili zinazoandama protini zilizoshikana na mafuta ya kuta za seli, hata damu ikaganda ndani ya mishipa pasipo jeraha lolote. Daktari Graham Hughes na wenzake wa London waliyaeleza mwaka 1983, na yanajulikana zaidi kwa kiharusi cha vijana, donge la damu mguuni au mapafuni, na mimba zinazoharibika mara kwa mara. Ngozi, ambayo huweza kutangulia kutoa ishara, haizungumzwi vya kutosha.

Ishara iliyo mashuhuri ni livido, yaani michoro inayofanana na wavu uliotanda miguuni, mapajani au mikononi, ambayo hutokea damu inapopita kwa uzito katika mishipa midogo. Katika utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu wagonjwa 1,000, takriban robo yao walikuwa nayo. Vitabu huieleza kuwa ya zambarau kwa sababu picha zake nyingi ni za ngozi nyeupe. Juu ya ngozi nyeusi huonekana kama kahawia iliyokoza, na asiyeitafuta kwenye mwanga mzuri haioni.

Katika kijiji kama Uroa, pwani ya mashariki ya Unguja, ishara hizo zina mengi ya kuzificha. Anayekaa karibu na moto wa kuni kila siku huweza kupata michoro ya namna hiyo kwenye miundi kwa sababu ya joto tu, ingawa ya joto hubaki upande ulioelekea jiko. Wanawake wanaolima mwani hushinda majini wakati wa maji kupwa, wakikanyaga mawe na matumbawe, kwa hiyo kidonda cha kifundo cha mguu kisichopona huitwa donda ndugu na kulaumiwa bahari, ilhali huenda mshipa mdogo umeziba. Hina nayo hufunika ishara nyingine, vistari vyeusi vya damu chini ya kucha.

Linalostahili uangalifu zaidi ni kudhaniwa kuwa na kaswende. Vipimo vyake vinavyotumia mafuta ya kadiolipini huweza kunasa kingamwili za sindromu hii, mjamzito asiye na kaswende akaonekana anayo, jambo linaloweza kumvunjia heshima nyumbani bure. Kipimo cha pili cha aina nyingine huondoa shaka hiyo.

Kingamwili zenyewe hupimwa mara mbili, kwa kupishana wiki 12 au zaidi, kwa kuwa maambukizi huweza kuzizusha kwa muda. Aliyekwisha kupata donge kwa kawaida hutumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda inayoweza kumdhuru mtoto tumboni, ndiyo maana wajawazito hupewa sindano za heparini pamoja na aspirini kidogo. Kidole kinachogeuka cheusi ghafla kwa maumivu hakingoji miadi: mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.