Mama, Leo Tunakula Nini?

Kuna swali moja linaloulizwa katika nyumba zetu kila siku bila likizo: "Mama, leo tunakula nini?" Mara nyingi mama anayeulizwa naye hana jibu. Saa kumi na moja jioni imefika, jiko halijawashwa, na mtoto anatumwa dukani mbio kununua chochote kitakachopatikana.

Mimi niliishi hivyo katika miaka ya mwanzo ya ndoa yangu. Mume wangu alinikabidhi fedha za matumizi kila mwisho wa mwezi, nami nilizitumia bila mpango. Leo mafuta ya kupima, kesho mkaa wa kopo, keshokutwa nyanya fungu moja na sukari robo. Ikifika tarehe 20 mfuko ni mtupu, nami nakopa duka la jirani bila kumwambia mwenzangu. Nilijipa moyo kwamba nitalipa kabla hajajua.

Jumamosi moja alikwenda mwenyewe dukani kununua sabuni. Muuza duka akamfungulia daftari la madeni. Aliporudi hakugomba. Aliweka sabuni mezani, akaniuliza, "Mama watoto, fedha ninazokupa zinakwenda wapi?" Sikuweza kumjibu, maana kwa kweli nilikuwa sijui. Sikuwa nimejinunulia hata kitambaa, lakini nilijiona kama mwizi ndani ya nyumba yangu, kwa kuwa nilikuwa nimemficha.

Usiku ule, watoto walipolala, nilimwomba msamaha. Tukachukua kalamu, tukaandika kila nilichokumbuka kununua mwezi ule. Tuliona kwamba fedha ingetosha. Nilikuwa nanunua kidogo kidogo kwa bei ya juu, na kila siku kama mtu aliyeshtukizwa. Tangu hapo nikaanza kupanga chakula cha juma zima. Deni tulilimaliza kwa miezi mitatu.

ANZA NA KILICHOMO NDANI

Chagua siku moja, mathalani Jumamosi asubuhi. Kabla ya kwenda sokoni, fungua kabati. Unga umebaki kiasi gani? Maharage je? Andika kwanza vilivyopo, kisha vinavyopungua. Vitu visivyoharibika upesi, kama unga, mchele, maharage, chumvi yenye madini joto na mafuta, nunua kwa pamoja kadiri ya uwezo wako. Mboga za majani na nyanya nunua mara mbili au tatu kwa juma, ili zisinyauke.

Mwite na baba watoto mtazame karatasi hiyo pamoja. Mume anayejua bei ya mkaa hatashangaa fedha ikiisha. Waulize na watoto wanapenda nini. Mtoto aliyechagua chakula cha Jumatano hatakisusa.

MFANO WA RATIBA

Mlo kamili una nafaka, mizizi au ndizi za kupika. Una kunde au chakula kitokanacho na wanyama. Una mboga, matunda na mafuta kidogo. Huu ni mfano wa mlo mkuu wa siku, ubadilishe kulingana na mahali unapoishi na msimu:

Jumapili: Wali, kuku au nyama, mchicha, tikiti maji.
Jumatatu: Ugali, dagaa waliopikwa kwa nyanya, matembele, chungwa.
Jumanne: Makande, kachumbari, parachichi.
Jumatano: Ndizi na nyama kidogo, kabichi, papai.
Alhamisi: Ugali, maharage, kisamvu cha karanga, ndizi mbivu.
Ijumaa: Wali, samaki, bamia na nyanya chungu, embe au chungwa.
Jumamosi: Viazi vitamu, choroko za nazi, majani ya maboga, nanasi.

Utaona kwamba nyama na kuku vimetokea siku mbili tu, lakini hakuna siku familia imekosa chakula cha kujenga mwili. Dagaa, maharage na choroko vinafanya kazi hiyo kwa bei nafuu.

Ratiba pia inaokoa mkaa. Ukijua kwamba kesho ni makande, utaloweka mahindi na maharage usiku huu, umwage maji ya kulowekea, na chungu kitaiva mapema zaidi.

MAMBO YA KUANGALIA

Upungufu wa damu huwasumbua wengi wetu, hasa wajawazito na watoto wadogo. Maini, nyama na dagaa husaidia kuongeza damu. Madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani hupokelewa vizuri zaidi mwilini ukila pamoja na chungwa, au ukikamulia ndimu. Chai, kwa upande wake, huyazuia. Basi isinywewe pamoja na chakula, isubiri kama saa moja.

Mboga ioshwe kabla ya kukatwa, ipikwe kwa muda mfupi, na maji yake yasimwagwe. Kisamvu ni tofauti: lazima kitwangwe na kuchemshwa vizuri, kwa kuwa kikiwa kibichi kina sumu.

Mahindi na karanga zilizoota ukungu usizipike, hata kama inauma kuzitupa. Mwaka 1 tu, 2016, watu kadhaa walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na sumukuvu iliyokuwa katika mahindi. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo.

Mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi 6. Baada ya hapo aendelee kunyonya, huku akipewa vyakula laini. Si lazima apikiwe chakula cha peke yake kila siku; mpondee ndizi, viazi, maharage na mboga kutoka chungu cha wote kabla hujatia pilipili.

VIPANDE VILIVYOBAKI

Baada ya Bwana Yesu kulisha makutano, aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia, na vikajaa vikapu 12. Yeye aliyeweza kuzidisha mikate hakutaka kitu kipotee. Nasi tusione haya kula kiporo, ila tukihifadhi vizuri. Kama huna friji, pika cha kutosha siku hiyo tu. Chakula kisikae nje zaidi ya saa mbili, na cha kwenye friji kipashwe moto hadi kichemke.

Mama mwenzangu, pengine nawe una daftari katika duka fulani ambalo baba watoto halijui. Mwambie leo, kabla hajaambiwa na mwingine. Kisha chukua karatasi uandike chakula cha siku tatu tu, Jumatatu mpaka Jumatano. Ukiweza siku tatu, utaweza saba. Ratiba ikivunjika kwa sababu wageni wamekuja, wakaribishe kwa furaha, ongeza maji kwenye mchuzi, na uendelee kesho yake.

Bwana abariki kapu lako na meza yako.